"Tukishindwa kabisa ndipo tutafute majaribio"

Juzi nimeisikia tena. Kijana aliyemleta baba yake aliweka bahasha ya kaki mezani na kusema, kwa utulivu wa mtu aliyepanga mambo yake vizuri: "Daktari, mzee amemaliza mionzi, amemaliza vidonge vya kemo, na ile dripu ya kila wiki mbili amepata mara nne. Sasa tuko tayari kwa majaribio." Dripu yenyewe ni bevasizumabu. Nikafungua orodha ya majaribio yanayopokea wagonjwa wa glioblastoma (saratani kali ya ubongo) iliyorudi, nikawa nafuta moja baada ya jingine, naye akinitazama.

Sijui nani aliyewafundisha watu kwamba jaribio la kitabibu, yaani utafiti unaopima tiba mpya kwa wagonjwa, ni kituo cha mwisho cha basi, pa kushukia kila tiba ikishagoma. Dhana hii imewafungia milango wagonjwa wengi niliowaona kuliko hata woga wa kusaini fomu.

Kila jaribio lina vigezo, na vingi vinahusu ulichokwisha kutumia. Majaribio mengi ya glioblastoma mpya humtaka mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji na bado hajaanza mionzi. Mionzi kwa kawaida huanza wiki chache tu baada ya upasuaji. Hizo wiki chache ndizo nafasi yako yote, na familia nyingi huzimaliza zikiuguza kidonda na kungoja ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara kuhusu uvimbe. Bora zaidi ni kuuliza kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa na hali ya kungoja, kwa sababu baadhi ya chanjo za uvimbe hutengenezwa kwa kipande cha uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, tena kilichogandishwa papo hapo. Kikishatumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, kwa kazi hiyo kimekwisha.

Halafu bevasizumabu. Siikatai dawa hii: hupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, na mgonjwa aliyekuwa akiburuta mguu anaweza kutembea vizuri. Lakini tafiti mbili kubwa zilizochapishwa 2014 hazikuonyesha kwamba kuianza mapema, pamoja na mionzi, kunaongeza urefu wa maisha. Isitoshe, hubadilisha jinsi picha ya MRI inavyong'aa, kiasi kwamba watafiti hawawezi kujua wanachokiona ni kazi ya dawa yao au ya bevasizumabu. Ndiyo maana majaribio mengi ya uvimbe uliorudi hayamtaki aliyekwisha kuitumia. Kabla ya dripu ya kwanza, muulize daktari wako swali moja: inanifungia mlango gani? Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa maji kichwani, nayo iulizie. Majaribio ya tiba za kinga mara nyingi huweka kikomo cha dozi yake kwa siku, na wapo wanaoendelea kuimeza kwa wingi miezi mitatu kwa vile tu hakuna aliyekumbuka kuipunguza. (Usiikate mwenyewe, tafadhali. Hupunguzwa taratibu, na daktari.)

Wanaobisha huwa nawatajia jaribio la INDIGO, lililotoa matokeo 2023. Lilichukua wagonjwa 331 wenye glioma (uvimbe wa ubongo) ya daraja la 2, inayokua polepole, yenye badiliko la jeni la IDH, ambao walikuwa wamefanyiwa upasuaji tu. Aliyekwisha kupigwa mionzi au kupewa kemo hakuruhusiwa kuingia. Waliopewa vorasidenibu, dawa iliyokuwa ikijaribiwa, walikaa miezi 27.7 kwa wastani wa kati kabla uvimbe haujaendelea, wenzao waliopewa plasebo (kidonge kisicho na dawa) miezi 11.1. Mwaka uliofuata FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaiidhinisha dawa hiyo. Hata temozolomidi, vidonge ambavyo leo kila mtu anaviita "tiba ya kawaida", vilipita humo humo: jaribio la watu 573 lililochapishwa 2005 lilionyesha kuwa waliopata mionzi pamoja na vidonge hivyo, asilimia 26.5 walikuwa hai baada ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 10.4 ya waliopata mionzi peke yake. Walioingia humo hawakuwa watu waliokatiwa tamaa. Walikuwa wagonjwa wapya.

Na wenye nguvu. Majaribio mengi hudai alama ya Karnofsky (kipimo cha uwezo wa mgonjwa kujihudumia, hadi 100) ya 60 au 70 na kuendelea, yaani, kwa lugha ya nyumbani, mtu anayeweza kuoga na kula mwenyewe, pengine kwa kusaidiwa kidogo. Anayesubiri "ashindwe kabisa" anasubiri kukosa sifa.

Dhana nyingine ninazosikia nazipitia haraka.

"Watanipa vidonge vya unga niachwe nife." Penye tiba inayojulikana, plasebo huongezwa juu ya tiba hiyo. INDIGO ilitumia plasebo peke yake kwa sababu wagonjwa wale wangekuwa wanafuatiliwa tu kwa MRI, na uvimbe ulipokua waliokuwa kwenye plasebo waliruhusiwa kuhamia dawa yenyewe.

"Lingekuwapo, daktari wangu angeniambia." Daktari wako anayajua ya hospitali yake. Tafuta mwenyewe kwenye ClinicalTrials.gov, sajili ya majaribio ya Marekani, na kwenye sajili ya Shirika la Afya Duniani, ICTRP. Usiandike "saratani ya ubongo", utazama. Andika jina kamili la uvimbe wako, kisha anza kusoma vigezo vya kukataliwa.

"Limo kwenye sajili, basi limekaguliwa." Hapana! Kusajiliwa hakumaanishi kuidhinishwa. Zipo kliniki zinazojiorodhesha humo ili ziuze seli shina. Ukidaiwa fedha ya dawa inayojaribiwa, simama uulize maswali.

"Ukisaini umejifunga." Unatoka siku yoyote, bila kutoa sababu.

"MRI ya kwanza baada ya mionzi imeonyesha uvimbe umekua, tuhame." Ndani ya miezi mitatu hivi baada ya mionzi, ukuaji huo unaweza kuwa wa uongo, na majaribio mengi hayaukubali kama kurudi kwa uvimbe bila ushahidi zaidi.

Ukija kwangu, njoo na ripoti ya patholojia yenye majibu ya vipimo vya jeni za IDH na MGMT, maelezo ya upasuaji, tarehe na dozi ya mionzi, na MRI kwenye diski katika faili zake za DICOM, yaani zile asilia zinazotoka kwenye mashine. Picha ya simu ya filamu iliyobandikwa dirishani, na kidole cha mpigaji pembeni, sina la kuifanyia.

Bahasha ya yule kijana ilikuwa na picha kumi na moja za namna hiyo. Katika orodha ya mzee lilibaki jaribio moja linalompokea aliyetumia bevasizumabu, na mratibu wake aliniuliza kitu kimoja tu: kipande cha uvimbe kiko wapi? Kijana ameondoka kwenda kukiulizia katika maabara walikofanyia upasuaji.