Furaha ya kweli ipo, ila tunaikisia vibaya

Katika kazi ya ushauri nasaha kuna swali ambalo mtu haingii nalo. Hulitoa mwishoni, akiwa amekwisha simama na kushika kitasa cha mlango, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa tu: "Hivi dokta, furaha ya kweli ipo, au tunadanganyana?"

Mmoja wa walioniuliza hivyo (mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asijulikane) alikuwa bwana wa makamo aliyepandishwa cheo baada ya kukingoja miaka sita. Alipewa ofisi yake peke yake, yenye dirisha. Wiki ya kwanza alikuwa akifika kabla ya wafagiaji. Kufikia wiki ya tatu kitu pekee alichokiona katika ofisi ile kilikuwa kiti, kwa sababu kilikuwa kinalia kila akiegemea. Mshahara ulikuwa umepanda, nyumbani hakukuwa na ugomvi, mwili haukuuma popote. "Sasa mbona siioni?" akaniuliza, utadhani ni mtu aliyelipia mzigo na mzigo haujafika.

Nilimwambia ipo. Kisha nikamwomba akae tena, maana neno furaha tumelitwika mambo mengi mno, na nusu ya ubishi kuhusu kuwepo au kutokuwepo kwake hutokana na hapo. Lugha yetu yenyewe inatofautisha. Raha ni ya mwili zaidi: kuvua kiatu kilichobana, kupata kivuli baada ya jua. Furaha huja na tukio, moyo ukaruka, kisha ukatulia. Kuridhika ni hukumu: mtu anayatazama maisha yake yote kwa pamoja na kusema, naam, yamekwenda vizuri. Mwanasaikolojia wa Marekani Ed Diener alisisitiza mgawanyo unaokaribiana na huo tangu mwaka 1984, na watafiti wengi wanaufuata hadi leo: hisia njema wanazipima mbali, hisia mbaya mbali, na tathmini ya mtu juu ya maisha yake mbali.

Mgawanyo huu si wa kupamba vitabu. Kila mwaka inatoka orodha ya nchi zenye furaha zaidi duniani, na kuanzia 2018 Finland imeongoza mwaka baada ya mwaka. Watu hushangaa, kwani Wafini hawasifiki kwa vicheko. Lakini orodha ile haihesabu vicheko. Mtu huambiwa awaze ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, cha juu kikiwa maisha bora kabisa anayoweza kuwa nayo, kisha aseme amesimama wapi. Hicho ni kipimo cha kuridhika. Anayeweza kuugua bila kufilisika, na anayeamini kwamba pochi aliyoiangusha itarudishwa, atajipa kidato cha juu hata kama leo hakutabasamu.

Kuna na neno la nne, ninalolipenda kuliko hayo matatu: heri. Aristotle alipoandika habari za maisha mema, karne ya nne kabla ya Kristo, neno lake la Kigiriki lilikuwa eudaimonia, na ningepewa kazi ya kulitafsiri ningeandika heri. Hakukusudia hisia ya asubuhi moja. Alikusudia hali ya mtu anayeishi vyema na kutenda vyema kwa muda mrefu, mpaka akasema kwamba mbayuwayu mmoja haleti majira ya kuchipua. Kwa mizani hiyo, swali "una furaha leo?" ni kama kuupima mti kwa jani moja.

Basi kama ipo, kwa nini yule bwana haioni? Kwa sababu tunaifuata kwa kukisia, na katika kukisia sisi ni wabovu. Wanasaikolojia Daniel Gilbert na Timothy Wilson wamelichunguza hili kwa miaka mingi. Katika kazi yao ya mwaka 1998 waliwauliza wahadhiri ambao hatima ya ajira yao ya kudumu ilikuwa haijaamuliwa: ukinyimwa, utajisikiaje miaka ijayo? Walijibu kwamba wangehuzunika kwa muda mrefu. Walipowatazama wale waliokuwa wamekwisha nyimwa miaka kadhaa nyuma, hawakuwakuta na huzuni kuliko waliopata. Tunajua kitu kipi kitatufurahisha na kipi kitatuumiza. Kinachotupiga chenga ni kiasi, na muda.

Ubongo una mkono wake humo. Wolfram Schultz, mtaalamu wa mishipa ya fahamu, aliwapa kima maji ya matunda huku akisikiliza seli zao zinazotoa dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe katika ubongo. Mwanzoni seli zilichachamaa kima alipoonja. Alipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia maji yale, seli zikahama: zilichachamaa ishara ilipotokea, na maji yenyewe yalipofika zikabaki kimya. Ishara ikitokea na maji yasije, zilishuka chini ya kawaida. Naye Kent Berridge alionyesha kwamba panya aliyeondolewa dopamini bado hulamba midomo kwa utamu wa sukari akiwekewa mdomoni, ila hainui mguu kuifuata. Kutamani na kufurahia ni mambo mawili, yana njia zake mbili, na ile ya kutamani ina kelele zaidi. Binadamu si kima mkubwa, najua, lakini unapoona mtu amengoja cheo miaka sita kwa hamu na kukizoea kwa siku ishirini, ni vigumu kutowakumbuka wale kima.

Kuzoea huko kulipimwa mapema. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walilinganisha washindi 22 wa bahati nasibu katika jimbo la Illinois, watu 22 wa kawaida, na watu 29 waliopooza kwa ajali. Washindi hawakuwa na furaha kuliko watu wa kawaida kwa kiwango cha maana, na vitu vidogo vya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kusikia kichekesho, viliwapa raha pungufu. Utafiti huu hutajwa sana, na mara nyingi hutajwa vibaya. Watu husema umeonyesha kwamba aliyepooza na aliyeshinda ni sawasawa. Haukuonyesha hivyo. Waliopooza walikuwa na furaha pungufu. Kilichoshangaza ni kwamba pengo halikuwa kubwa kama wengi wangekisia. Isitoshe, kuna majeraha yasiyozoeleka kirahisi. Wajerumani waliofuatiliwa kwa miaka 15 walionyesha kwamba waliopoteza kazi, kwa wastani, hawakurudi kwenye kiwango chao cha zamani cha kuridhika hata baada ya kupata kazi nyingine. Kwa hiyo anayemwambia mtu aliyeachishwa kazi "utazoea tu" anasema kwa niaba ya sayansi kitu ambacho sayansi haikusema.

Sasa nirudi kwenye heri, kwa kuwa neno hili lina sura ya pili. Tunasema "heri yako", na hapo hapo heri imegeuka mizani: wewe umepata, mimi bado. Mwaka 1998 Sara Solnick na David Hemenway waliwauliza watu wa Chuo Kikuu cha Harvard wachague kati ya dunia mbili. Katika ya kwanza unapata dola 50,000 kwa mwaka na wengine 25,000. Katika ya pili unapata 100,000 na wengine 200,000, bei za vitu zikiwa zilezile. Karibu nusu walichagua ya kwanza: walikuwa radhi kupata nusu, alimradi wamzidi jirani. Ila walipoulizwa kuhusu siku za likizo, wengi walichagua tu kupata likizo ndefu, hata kama wenzao wangepata ndefu zaidi. Napenda sana tofauti hiyo. Likizo huonjwa na mwenye kupumzika, hata bila kujua mwenzake kapumzika siku ngapi. Mshahara wengi wetu hatujui kuuonja mpaka tusikie wa mwenzetu. Simu zetu nazo zinatuonyesha wenzetu kutwa nzima, tena wakiwa wamevaa vizuri.

Fedha yenyewe je? Usemi kwamba fedha hainunui furaha mara nyingi hutoka kwa aliyeshiba. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba kwa Wamarekani hisia njema za kila siku huacha kupanda kipato kikifika kama dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaja na takwimu zinazosema hapana, zinaendelea kupanda. Badala ya kurushiana maneno, Kahneman na Killingsworth walikaa pamoja, wakamtafuta na Barbara Mellers awe msuluhishi, na mwaka 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa walio wengi furaha huendelea kupanda na kipato, ila kwa wachache wenye huzuni nyingi kuna mahali fedha hufika ikakwama. Hata hivyo, furaha hiyo inapanda kwa kasi inayopungua. Nyongeza inayobadili maisha ya maskini, tajiri hata hagundui kwamba imeingia.

Kama kuna mahali nitakaposema kwa ujasiri, ni kuhusu uhusiano wetu na watu. Mwaka 1938 watafiti wa Harvard walianza kuwafuatilia wanafunzi 268 wa kiume wa chuo hicho, na baadaye wakaunganishwa na vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Wamefuatiliwa maisha yao yote, kwa madodoso, vipimo vya damu na mazungumzo sebuleni kwao, na leo watafiti wamefika kwa watoto wao. Mkurugenzi wa sasa, Robert Waldinger, amelirudia jambo moja mara nyingi: walioridhika zaidi na uhusiano wao na watu wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80, na kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko kiwango cha lehemu (kolesteroli) katika damu. Idadi ya marafiki haikuwa hoja. Hata ndoa zenye ubishi wa kila siku zilifaa, mradi kila mmoja alijua kwamba mambo yakiharibika mwenzake yupo.

Na hapa napo tunakisia vibaya. Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni huko Chicago, baadhi wazungumze na jirani wasiyemjua, baadhi wakae kimya. Waliozungumza walishuka wakiwa wamefurahia safari zaidi. Lakini abiria wengine walipoulizwa wakisie tu, walikisia kinyume: kukaa kimya kungekuwa bora. Treni nzima, kwa hiyo, inaweza kukaa kimya kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ndiye asiyetaka kusumbuliwa.

Vipi basi mtu aamue tu kuwa na furaha? Ushauri huo huuzwa sana, na mimi siupendi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, watu walisikilizishwa muziki. Walioambiwa wajitahidi kufurahi wakati wa kusikiliza walitoka na hali ya moyo iliyo chini kuliko wale walioambiwa wasikilize tu. Anayejichungulia kila dakika kama amefurahi anauacha muziki unapita. Killingsworth na Gilbert, mwaka 2010, waliwatumia watu wazima 2,250 maswali kwa simu katikati ya shughuli zao, wakakuta mawazo yao hayapo kwenye wanachokifanya karibu asilimia 47 ya muda. Na waliokuwa wamehama kimawazo, kwa jumla, walikuwa na furaha pungufu; hata waliowaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuliko waliotulia kwenye walichokifanya.

Wengine wamezaliwa wakunjufu kuliko wengine, hilo lipo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban theluthi hadi nusu ya tofauti kati ya watu hutokana na urithi. Angalia: ni tofauti kati ya watu. Haina maana kwamba nusu ya furaha yako imekwisha andikwa.

Lipo jambo moja nisilotaka lichanganywe na hayo yote. Kukosa furaha na kuugua sonona si kitu kimoja. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo umezama au huna hamu hata na uliyokuwa ukiyapenda, usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, huwezi kutuliza akili, unajiona mzigo, basi hayo si mambo ya kuambiwa ushukuru ulicho nacho. Ni ugonjwa, na una tiba: mazungumzo ya kitaalamu, dawa, au vyote viwili. Nenda kituo cha afya. Na kama mawazo ya kujidhuru yameanza kukujia, hizo wiki mbili usizingoje. Mwambie mtu leo, na aende nawe.

Yule bwana hakuwa mgonjwa. Nilipoyapima majibu yake sikuona sonona, niliona mtu aliyekisia. Kazi niliyompa ilikuwa ndogo: ataje mtu mmoja ambaye angempigia simu saa nane usiku mambo yakiharibika. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamtaja kaka yake, akaongeza kwamba hawajazungumza tangu walipomzika baba yao.

Alirudi baada ya wiki tano hivi. Alikuwa ameanza kumpigia kaka yake jioni za Jumapili, na kwa alivyosimulia, sehemu kubwa ya mazungumzo ni ubishi wa mpira na nani hasa alivunja redio ya baba mwaka ule. Tuliongea mpaka muda ukatupita. Habari ya furaha hakuigusa, nami nikasahau kumuuliza. Alipofika mlangoni alishika kitasa, akageuka, akauliza kama namjua fundi wa viti.