Pato la Taifa na Mandazi ya Gikomba

Septemba 2014 pato la taifa la Kenya, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka, lilitangazwa upya, likaonekana limezidi lile la awali kwa takriban asilimia 25. Kwa hesabu hiyo tukaingia ngazi ya chini ya nchi za kipato cha kati. Swali nililoulizwa sana lilikuwa: hizo pesa ziko wapi?

Hazikuingia mfukoni mwa mtu. Kilichobadilika ni mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake hutumika kama kipimo, kutoka 2001 hadi 2009. M-Pesa ilianza 2007, na bado tulikuwa tunaupima uchumi kwa sura yake ya 2001.

Tumfuate mama anayekaanga mandazi katika soko la Gikomba, Nairobi. Unga, sukari, mafuta na makaa vimemgharimu, tuseme, shilingi 1,500. Mauzo ni 2,400. Mchango wake katika pato la taifa ni 900, ile thamani aliyoiongeza yeye. Unga tulishauhesabu kwa msagaji, ngano kwa mkulima. Tukijumlisha mauzo yote, ngano ileile itahesabiwa mara tatu. Na andazi likipanda bei kutoka shilingi 10 hadi 15, naye akaendelea kukaanga idadi ileile, uchumi haujakua. Ndiyo maana kasi ya ukuaji hutolewa baada ya kuondoa athari ya bei.

Mama huyu akimwajiri yaya, mshahara wa yaya unaingia kwenye pato. Akilea, akipika na kufua mwenyewe, hakuna kinachoingia. Kwangu mimi hilo ni pengo kubwa, maana bila kazi hiyo Gikomba yote isingefunguliwa asubuhi.

Wastani nao una yake. Muthaiga ya matajiri na Mathare ya mabanda zinatazamana ng'ambo ya Barabara ya Thika, lakini ukigawanya pato kwa idadi ya watu, kila mmoja anapewa fungu sawa kwenye karatasi. Kwa sababu kama hizi, tangu 1990 Umoja wa Mataifa hutoa kipimo cha maendeleo ya binadamu, kinachoweka umri wa kuishi na miaka ya shule pamoja na kipato.

Fungu halisi la kila nyumba hujulikana kwa kuuliza tu. Mdadisi wa takwimu akibisha hodi na kutaka kujua mmekula nini wiki hii na mmelipa kodi ya nyumba kiasi gani, si udaku. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda siri ya majibu yako. Mkaribishe.