Lifti yako inapanda, sawa, lakini hataza ni kitu kingine

Meseji zimekuwa nyingi siku hizi na karibu zote zinaimba wimbo mmoja: nimeunda lifti ya mjengo, inafanya kazi, watu wameiona na macho yao, sasa kwa nini mmenirudishia ombi la hataza? Kujibu mmoja mmoja kumetushinda sisi wakaguzi wa hataza hapa Kenya (hataza ni patent, ile haki serikali inakupa uvumbuzi uwe wako peke yako kwa muda), na kwa vile tunaelekea tarehe 26 Aprili, siku ya miliki bunifu duniani, ambapo kila mtu ataambiwa akimbie kulinda uvumbuzi wake, nimeona heri nieleze mara moja kinachotokea ombi likifika kwa meza ya mkaguzi. Haya ni maelezo ya jumla tu, sio uamuzi wala ushauri wa kisheria kwa ombi la mtu fulani. Ombi ambalo halijachapishwa ni siri kwa hivyo mfano nitakaotumia nimeutunga mwenyewe, usiniandikie ati nimekusema.

Lifti yenyewe ni ile imeshika ubavu wa majengo marefu pale Upper Hill ama Nyali, kijumba cha waya kinapanda mlingoti wa vyuma huku mafundi wamesimama ndani na mifuko ya simiti. Haina kamba ya kuivuta. Mlingoti una reki, yaani chuma kirefu kilichonyooka chenye meno, na kwenye kijumba kuna mota, giaboksi na pinioni, gia ndogo ya mviringo inayouma meno ya reki na kujivuta juu. Mekanika wa gereji ataelewa haraka, ni ndugu ya reki ya steringi, ila kwa gari pinioni inakaa pale pale reki ndio inasogea, na kwa lifti reki imetulia pinioni ndio inapanda na mzigo wote.

Sasa tuseme mtu ameleta ombi la lifti kama hiyo na madai matatu. Madai ndio yale maneno ya mwisho kwenye ombi yanayosema ni kitu gani hasa unataka kiwe chako, na hapa ndipo watu wengi wanatukosea hesabu. Mkaguzi hakagui mashine. Sijali imepakwa rangi gani, imekugharimu pesa ngapi wala umelala site miezi mingapi, mimi nasoma dai, nalivunja vipande vipande, halafu natafuta kama vipande hivyo vimewahi kuandikwa ama kuonyeshwa mahali popote duniani kabla ya tarehe yako ya kuwasilisha. Popote. Sio Kenya peke yake. Ile hoja ya "hii kitu haiko Kenya" tafadhali tuizike, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 haikuacha mlango huo wazi na sisi hatuwezi kuufungua kwa huruma.

Dai la 1 linasema: lifti yenye mlingoti, reki, mota na pinioni, na vipande vya mlingoti vina urefu wa pekee wa milimita 1508. Natafuta kwenye vikapu vya uainishaji wa kimataifa wa hataza, kwanza B66B 9/02, ambacho ni cha lifti zinazoendeshwa na mitambo bila kamba, kisha F16H 19/04 ambako reki na pinioni za kila aina zinakaa. Sihitaji kwenda mbali. Kampuni ya Alimak ya Uswidi ilitoa mtambo wa kupanda kwa reki ndani ya mashimo ya migodi mwaka 1957. Ukirudi nyuma zaidi utakutana na Elisha Otis, mvumbuzi wa lifti wa Marekani, hataza yake ya Marekani namba 31,128 ya Januari 1861 ina meno kwenye reli za pembeni, lakini yale yalikuwa ya kudaka kijumba kamba ikikatika, hayakuwa ya kukiendesha, kwa hivyo Otis simtumii kukukatalia dai hili. Nataja hilo kusudi, watu wanadhani tukiona meno tu tunakata, hapana, tunaangalia meno yanafanya kazi gani.

Na ile 1508? Mwombaji ameandika "urefu wa pekee uliogunduliwa baada ya majaribio mengi". Ngoja tupige hesabu. Reki za lifti hizi kwa kawaida ni moduli 8 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), na umbali wa jino hadi jino ni moduli mara pai, yaani milimita 25.13. Meno 60 yanakupa 1508 ukikadiria. Ukikata mlingoti uwe 1500 kwa sababu ni namba nzuri, unapata meno 59 na kipande, na pale vipande viwili vinapoungana nafasi ya jino haitatosha, pinioni ikifika hapo inagonga. Ndio maana mlingoti unaoshuka kwenye kontena kutoka Uchina unakuja na 1508 vile vile. Huo urefu haukugunduliwa na majaribio, ulipimwa na futi kwenye site ya mtu mwingine, na mkaguzi wa mambo ya mitambo anaona hilo kabla chai yake haijapoa. Dai la 1 halina upya, basi.

Dai la 2 ni tamu zaidi. Linasema reki ziwe mbili sambamba, moja imesogezwa nusu jino mbele ya nyingine, ili wakati pinioni moja inaachia jino, nyingine iko katikati ya kuuma, lifti ipande bila kutetemeka. Wazo zuri kabisa. Sasa rudi mwaka 1882 umkute Mswisi Roman Abt akipata hataza ya reli ya milimani yenye reki mbili ama tatu zilizopishana meno, kwa sababu hiyo hiyo ya kuuma bila kukatika. Mwombaji anajibu, "hiyo ni treni, mimi nina lifti," na kwa upande wa upya yuko sawa, treni sio lifti, dai lina upya. Lakini upya ni mtihani wa kwanza tu. Wa pili ni hatua ya uvumbuzi: je, fundi wa kawaida mwenye ujuzi wa fani hii, akiwa na shida ya mtetemo wa pinioni kwenye reki, angefikia jibu hilo bila kukuna kichwa sana? Huyu fundi ni wa kufikirika, anajua vitabu vyote vya gia lakini hana ubunifu hata chembe (ofisini tunamtania sana). Akiwa na shida ya reki inayobeba mzigo kwenda juu, kweli atakosa kuangalia reli za milimani? Mimi nasema ataangalia. Mwombaji ana haki ya kubishana na mimi kwa maandishi, na wengine wamebishana wakashinda, sio aibu. Na kabla hujafikiria kukimbilia pinioni mbili zinazobana reki kutoka kushoto na kulia, reli ya mlima Pilatus kule Uswisi, kazi ya Locher, inafanya hivyo tangu 1889.

Dai la 3 ndilo limefichwa chini kabisa, sentensi mbili. Gia zikibanana zinasukumana, pinioni inataka kukimbia reki, kwa hivyo nyuma ya reki huwa kuna rola ya kuizuia. Rola ikilika, pinioni inauma ncha za meno tu na hapo watu wako hatarini. Mwombaji ameweka rola hiyo kwenye mkono wenye springi, ikilika milimita 2 mkono unasogea na kugusa swichi, mota inakata umeme. Tuseme kwenye mfano wetu nimepekua na sijapata mkono wa namna hiyo. Hapo ndipo uvumbuzi ulipo! Jamaa ametumia kurasa tisa kusifu mlingoti wa watu na sentensi mbili kueleza kitu chake mwenyewe.

Na hazitoshi. Springi inasukuma upande gani, swichi imekaa wapi, vumbi la simiti likijaa pale inakuwaje? Sheria inataka maelezo ya kumwezesha fundi mwingine aunde kitu hicho akiwa na karatasi yako peke yake. Nimeshaona zaidi ya mara moja mchoro ambao sehemu muhimu kuliko zote ni boksi, ndani imeandikwa BREKI kwa herufi kubwa. Ukiuliza unaambiwa "nimeficha kidogo msije mkaiba." Jamani. Hataza ni mapatano, wewe unafichua, serikali inakupa miaka 20 kuanzia tarehe ya kuwasilisha, ukitaka kuficha basi ificheni nyumbani. Na huwezi kuleta hiyo breki baadaye, kuongeza kitu kipya ambacho hakikuwa kwenye ombi la kwanza hairuhusiwi.

Utaratibu sasa, someni polepole maanake hapa ndipo watu wanapoteza haki zao bure. Ombi likiingia linakaguliwa kwanza fomu: karatasi, michoro, ada. Likipita linachapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa. Ukaguzi wa undani, huu niliokuwa naeleza, haujianzi wenyewe, wewe ndiye unaomba na kulipa, ndani ya miaka 3 tangu uwasilishe. Usipoomba, ombi linahesabiwa limeachwa, sio limekataliwa, limeachwa, na barua ya kulia haitalifufua. Ripoti ya mkaguzi ikikufikia ina tarehe ya mwisho ya kujibu, imeandikwa pale, na bado watu hupiga simu kuuliza ni lini. Baada ya kupewa hataza kuna ada ya kila mwaka, ukichelewa una miezi 6 ya kulipa pamoja na faini, ikipita hiyo hataza imekufa na jirani yako anaweza kuunda lifti hiyo bila kukuuliza. Ikiwa hai, kuinakili kwa kusudi ni kosa la jinai. Usiporidhika na uamuzi wetu kuna Tribunali ya Mali ya Viwanda, peleka huko, sio Facebook.

Kuhusu kuweka video ya uvumbuzi wako mtandaoni kabla ya kuleta ombi: Kenya inakusamehe kama ulichapisha mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha. Ulaya haina msamaha huo. Kwa hivyo ukiwa na ndoto ya soko la Ujerumani, usiiweke TikTok kwanza. Hataza ya Kenya inaishia mpakani, hata Arusha haifiki, ukitaka nchi nyingine una miezi 12 ya kudai tarehe yako ya kwanza kupitia ARIPO (shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika), ama PCT (mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza), ama nchi yenyewe.

Na hataza haisemi lifti ni salama. Nimeulizwa na mkandarasi kama cheti chetu kinatosha kupandisha watu, nikashtuka. Usalama ni kazi ya DOSHS, kurugenzi ya serikali ya usalama na afya kazini, na lifti lazima ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila miezi 6, hataza iwepo isiwepo.

Wale wa jua kali ambao mmeboresha kitu kidogo, fikirieni cheti cha modeli ya matumizi. Kinadumu miaka 10, hakirudiwi, lakini hakidai hatua ya uvumbuzi, kinadai upya na kutumika viwandani tu. Yule wa reki mbili angeweza kuligeuza ombi lake liwe la modeli kabla hatujatoa ama kukataa hataza, na fundi wetu wa kufikirika angekaa kando. Kwa dai la 3 namshauri aandike ombi jipya akianzia na ule mkono, achore springi, rola na swichi karibu karibu, kila kimoja na namba yake, na ule mlingoti aupe mistari miwili.