Namba 1 na 2 za kamera yako: zipangie mwanga, usizipangie sherehe

Wapiga video wengi wa harusi ninaokutana nao Dar es Salaam wanatumia Sony A7 III, na wengi hawajawahi kugusa namba 1 na 2 kwenye gurudumu la modi, lile la kuzungusha juu ya kamera. Wakitoka juani kuingia ukumbini wanaanza upya: fremu (idadi ya picha kwa sekunde), shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), waiti balansi (kuifanya nyeupe ionekane nyeupe). Bibi harusi ameshafika katikati ya zulia, mtu bado anahangaika na menyu.

Namba hizo hutunza mpangilio mzima na kuurudisha mara moja. Wanaozitumia, wengi huzigawa kwa shughuli: 1 ya kanisani, 2 ya ukumbini. Siwashauri hivyo. Kanisa lenye madirisha mapana saa nne asubuhi na kanisa hilohilo usiku ni kazi mbili tofauti kabisa.

Namba 1 yangu ni ya taa za umeme: 4K, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde. Hiyo 1/50 ndiyo moyo wa jambo zima. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa za mirija na LED nyingi za bei nafuu hupanda na kushuka mwanga mara 100 kila sekunde. Kwa shata ya 1/50 kila fremu inapata mapigo mawili kamili; kwa 1/100 inapata moja kamili. Ukiweka 1/60 pigo linakatika njiani, na ukutani unaona michirizi ya giza inatambaa. Kuiondoa wakati wa kuhariri ni mateso.

Kamera zilizotoka Marekani mara nyingi huja zikiwa kwenye mfumo wa video wa NTSC, yaani fremu 30 na 60. Hamia PAL, mfumo wa fremu 25 na 50, kabla ya kuhifadhi chochote. Kadi itadai kufomatiwa, basi hamisha kwanza kazi za watu.

Waiti balansi naifunga kwa namba ya Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga), kisha naigusa kidogo nikifika ukumbini. Ukiiacha otomatiki, DJ akiwasha taa za zambarau kamera nayo inahangaika, na gauni jeupe linabadilika rangi katikati ya shoti.

Namba 2 ni ya nje na ya mwendo: Full HD, fremu 50, shata 1/100, Kelvin 5600. Wakati wa kuhariri, kwenye taimlaini ya fremu 25 napunguza kasi nusu. Modi ya S&Q nayo inatoa slomosheni, ila hairekodi sauti, na mimi nayataka matarumbeta yasikike. Filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) hapa ni lazima, hasa ukipiga S-Log3 (picha iliyopauka ya kurekebishwa rangi baadaye), maana kwenye kamera hii ISO yake haishuki chini ya 800.

Kuhifadhi ni rahisi ukifuata mpangilio. Weka gurudumu kwenye alama ya video, kamilisha kila kitu, rekodi kipande uhakikishe, ndipo uingie kwenye menyu sehemu ya Memory uchague namba. Ukibadilisha kitu baadaye ukiwa kazini, ukizungusha gurudumu na kurudi, mpangilio ulioutunza unarudi vilevile. Canon EOS R6, yenye nafasi kama hizo ziitwazo C1 hadi C3, ina chaguo la kujisasisha yenyewe. Liache limezimwa, la sivyo marekebisho ya dakika moja yatafuta kazi yako yote.

Sony A7 III ina nafasi nyingine za kuhifadhi, M1 hadi M4, lakini hizo hukaa kwenye kadi, na ukiifomati zinafutika. Sisi tunafomati kadi kabla ya kila kazi! Mpangilio wangu wa tatu, wa usiku, nimeutunza kwenye kadi ndogo ya zamani isiyorekodia chochote. Nikiuhitaji naichomeka, nauita, kisha nauhifadhi kwenye namba 2 kabla sijaingia ukumbini.