Kwa Nini Supamaketi Imejengwa Pale na Si Hapa

Watu wengi hudhani kwamba kampuni yenye matawi mengi ya supamaketi, inapotafuta mahali pa kufungua duka jipya, huangalia tu palipo na watu wengi. Idadi ya watu ni mwanzo wa hesabu, lakini kinachotafutwa hasa ni njia: njia ambayo mteja huipita kila siku kwa shughuli zake, na njia atakayopita dereva wa lori alfajiri akitoka ghala kuu. Kiwanja ambapo njia hizo mbili hukutana bila kukwamishana ndicho kinachogombewa, hata kikiwa pembeni kidogo mwa mji.

Uangalifu huo una sababu. Biashara ya vyakula huendeshwa kwa faida nyembamba, kwani baada ya kulipia bidhaa, mishahara, umeme wa majokofu na pango, mara nyingi kinachobaki ni asilimia chache tu ya mauzo. Bei iliyokosewa hurekebishwa kesho yake na meneja asiyefaa huhamishwa, lakini mkataba wa pango wa miaka 10 au 15 hauhami, na jengo haliendi popote.

Kazi huanza kwa kuchora eneo ambalo wateja watatoka. Hapa kilomita hazisaidii sana. Kinachopimwa ni dakika. Reli isiyo na kivuko, mto usio na daraja au barabara kuu iliyojengewa ukuta katikati huweza kumfanya anayeishi mita 300 kutoka dukani awe mbali kuliko anayeishi kilomita 3. Wazo kwamba mvuto wa soko hufifia kadiri safari inavyorefuka si jipya. Mwaka 1931 Mmarekani William Reilly alieleza kuwa miji miwili huvuta wanunuzi wa mji mdogo ulio kati yake kulingana na wingi wa watu wa kila mji, na kwamba nguvu hiyo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, yaani umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Katika miaka ya 1960, Mmarekani mwenzake David Huff aligeuza fikra hiyo kuwa hesabu ya uwezekano wa mteja kuchagua duka fulani: ukubwa wa duka hugawanywa kwa muda wa safari uliopandishwa kwenye kipeo fulani, kisha jibu hulinganishwa na la kila duka jingine ambalo mteja anaweza kulifikia.

Tuifanye hesabu yenyewe. Familia moja huweza kununua katika duka la mita za mraba 4,000 lililo umbali wa dakika 10, na jingine la mita za mraba 1,000 lililo umbali wa dakika 5. Tukitumia kipeo cha pili, la kwanza linapata 4,000 gawanya kwa 100, yaani 40, na la pili 1,000 gawanya kwa 25, yaani 40 vilevile. Duka lenye ukubwa mara nne limelingana na dogo kwa sababu tu safari yake ni ndefu mara mbili. Sasa kampuni yenye duka dogo ifungue tawi jingine kama hilo, nalo liwe umbali wa dakika 5. Kila duka linabaki na theluthi moja ya manunuzi ya familia. Kampuni imepanda kutoka nusu hadi theluthi mbili, jambo linaloonekana zuri kwenye taarifa ya mwaka, lakini nusu ya mauzo ya tawi jipya imetolewa kwenye tawi lake la zamani.

Kipeo chenyewe hukadiriwa kutokana na takwimu za wanunuzi, nacho kwa bidhaa zinazonunuliwa mara kwa mara huwa kikubwa kuliko kwa samani, kwa kuwa hakuna anayevuka mji kila juma kufuata unga na sabuni. Kwa maoni yangu, hesabu hizi hutumika vizuri zaidi zikisindikizwa na njia ya William Applebaum, mtafiti wa Marekani wa maeneo ya maduka, ambaye alihimiza watafiti waweke makazi ya wateja wa matawi yaliyopo kwenye ramani, kisha watafute tawi linalofanana zaidi na kiwanja kinachopendekezwa na kukadiria mauzo kutoka hapo.

Kwa nini basi kampuni nyingine hukubali matawi yake yanyang'anyane wateja? Kwanza, nafasi iliyoachwa wazi huchukuliwa na mshindani. Pili, kuna lori linalopaswa kuyafikia matawi hayo kutoka ghalani. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, ilifungua duka lake la kwanza mwaka 1962 huko Rogers, katika jimbo la Arkansas, ikaenea kwa kusogea jirani hadi jirani badala ya kurukia miji ya mbali, na mwanauchumi Thomas Holmes alionyesha katika utafiti wa mwaka 2011 kwamba faida ya kukaribiana kwa matawi na maghala ilitosha kufidia mauzo yaliyopungua katika matawi jirani.

Baada ya karatasi, mtu huenda kusimama kiwanjani. Huhesabu magari asubuhi, kisha jioni, kwa sababu upande wa barabara unaoelekea nyumbani una thamani kuliko ule unaoelekea kazini: chakula hununuliwa wakati wa kurudi. Hutazama kituo cha basi kiko wapi na mtembea kwa miguu atavukia wapi akiwa na mifuko mikononi. Huzunguka nyuma, ambako mteja hafiki, kupima kama semitrela inaweza kugeuka bila kuziba mtaa na kama kuna chumba cha kulala cha jirani karibu na mlango wa kushushia mizigo. Viwanja vingi vizuri hukataliwa huko nyuma.

Mara nyingine kizuizi hakionekani kwa macho. Mwaka 2008 Tume ya Ushindani ya Uingereza iligundua kwamba kampuni kubwa za vyakula zilikuwa zikiweka masharti katika hati za ardhi na mikataba ya pango ili mshindani asifungue duka karibu, na amri ya mwaka 2010 ikayabana masharti hayo. Kwa hiyo kiwanja kitupu kando ya barabara yenye wateja tele huenda kimekosa duka kwa sababu ya sentensi moja iliyomo kwenye hati yake, iliyoandikwa na mmiliki aliyekwisha kukiuza.