Piroplasmosisi ni nini? Ugonjwa wa kupe wa punda

Huku Nakuru ukitaja ugonjwa wa kupe watu wanafikiria ng'ombe tu, ndigana kali, tezi zinavimba chini ya sikio na daktari anaitwa mbio. Punda naye ana wake, unaitwa piroplasmosisi. Ni vijidudu vinaingia ndani ya seli nyekundu za damu, vinazaana humo mpaka seli inapasuka. Hiyo "piro" ni tunda la peasi, maana ukiangalia damu kwa maikroskopu utaona vingine vimekaa viwili viwili, umbo kama parachichi dogo. Vinavyojulikana sana ni viwili, Babesia caballi na Theileria equi, na kupe ndio anavibeba.

Seli zikipasuka ile rangi nyekundu ya ndani inamwagika kwa damu, ingine inatokea kwa mkojo, ndio unaona punda anakojoa kitu kama strungi. Homa inaweza kupita digrii 40. Lakini si kila punda ataonyesha hivyo, punda anavumilia sana jameni, na hapo ndipo anaumizwa. Kuna mmoja wa jirani hapa Njoro alikuwa anavuta mkokoteni wa maji, akaanza kusimama simama njiani, wakamchapa wiki nzima ati amekuwa mvivu. Siku tulimfunua mdomo ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi, na chini ya mkia kupe wamejipanga kama maharagwe. Hakuwa mvivu, alikuwa hana damu.



Dawa ipo, imidokabu, lakini usimdunge mwenyewe kienyeji na kipimo cha ng'ombe, punda ni mwepesi kudhurika na hiyo dawa ikizidi, mwachie daktari wa mifugo. Pia sindano moja isizungushwe kwa punda wote, inasambaza. Na ukiona amepona jua Theileria equi huwa inabaki mwilini maisha yote, so akifanyishwa kazi kupita kiasi inaweza kuamka tena, na chanjo hakuna. Kwa hivyo jioni ukimfungua mkokoteni pitisha mkono ndani ya masikio, kwa shingo chini ya manyoya, katikati ya mapaja na chini ya mkia, halafu kunja kope ya chini uone kama bado ina rangi ya waridi.