Homa ya uti wa mgongo: kwa nini mmoja hupona na mwingine hapana

Jina lenyewe linapotosha. Ukisikia homa ya uti wa mgongo, unasubiri maumivu ya mgongo. Kumbe vijidudu, kama bakteria, vimevamia utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na ubongo ndio unaoumia kwa uvimbe. Kwa hiyo dalili zake ni homa, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege. Kichanga shingo yake inaweza kubaki laini kabisa; kwake tazama utosi uliotutumka, kulegea, kukataa ziwa.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika kila wagonjwa 6 wa ugonjwa huu unaoletwa na bakteria hufa mmoja, na katika kila 5 mmoja hubaki na madhara makubwa: uziwi, kifafa, akili kudumaa.

Kinachoamua kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni saa zinazopita kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki. Anayefika akiwa anajibu akiitwa ana nafasi nzuri. Anayefika hajitambui, nafasi imeshapungua sana. Na huku kwetu saa hizo hupotea kwa njia tunazozijua. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini Tanzania, lakini bado homa yoyote tunaiita malaria na kununua dawa dukani. Mtoto akishikwa na degedege, wapo wanaoanzia kwa mganga. Vidonge vichache vya antibayotiki navyo haviponyi. Huweza kuwaficha bakteria, kipimo kisiwaoneshe.

Kipimo chenyewe, cha kutoa maji ya mgongo kwa sindano, kinaogopwa. Utasikia wilayani Chamwino hata Mpwapwa kwamba ukitolewa maji ya mgongo utapooza. Sindano huingizwa sehemu ya chini ya mgongo, kiunoni, mahali ambapo uti wa mgongo umeshaishia, kwa hiyo haiuchomi. Ndugu wakikataa, daktari anatibu kwa kukisia. Hata wakikubali, dawa haipaswi kungoja majibu.

Mengine hayamo mikononi mwa familia. Kati ya bakteria wanaoleta ugonjwa huu, nyumokokasi huua na kuziwisha kuliko meningokokasi. Wachanga, wazee na wenye VVU huumia zaidi. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, imesaidia katika nchi tajiri, lakini tafiti zilizofanywa Malawi hazikuona ikiokoa maisha, kwa watoto wala kwa watu wazima. Chanjo ndiyo ngao: ya Hib, bakteria mwingine wa ugonjwa huu, inatolewa Tanzania tangu 2009, ya nyumokokasi tangu 2013, zote katika wiki ya 6, 10 na 14.

Mtoto akiruhusiwa, ulizia kipimo cha masikio kabla hamjaondoka, au kifanyike ndani ya wiki nne. Asiyesikia huonekana mkaidi, anachapwa, anarudishwa nyuma darasani, na miaka inapita bila mtu kukumbuka ile homa.